Kadi ya grafiki nje ya laptopu: shajara ya mradi

Laptopu yangu ya gemu imechakaa upande mmoja tu. Prosesa yake, Core i5-11400H yenye kori 6, bado iko imara. Kinachonikwaza ni kadi ya grafiki ya ndani, GTX 1650 ya GB 4, iliyounganishwa kwa risasi kwenye ubao mama na isiyobadilishika. Hapa naandika kazi ya kuifungia RTX 3060 ya GB 12 kwa nje, hatua kwa hatua, kila moja inapokwisha. Yaliyokwenda sawa nayapita mbio. Yaliyoniharibikia nayaeleza kwa kirefu, kwani anayetaka kufuata atakwama palepale nilipokwama.

## 6 Januari. USB-C ni tundu tu

Nimeanza kwa kosa la aibu, na nimeona bora liandikwe la kwanza. Laptopu ina tundu la USB-C, na rafiki yangu ana sanduku la kadi ya nje la Thunderbolt 3 (muunganisho wa kasi unaotumia tundu la umbo hilohilo) ambalo halitumii tena. Nikaliazima, nikapachika kadi ndani, nikachomeka kebo. Kitaa cha umeme kikawaka, basi. Feni za kadi hazikuamka, na laptopu ikakaa kama haijaguswa. Kwa jioni mbili nikageuza kebo, nikafuta draiva na kuziweka upya, nikawasha na kuzima. Kutwanga maji kwenye kinu.

USB-C ni jina la umbo la tundu. Ndani yake panaweza kupita USB ya kawaida, chaji, picha ya DisplayPort au Thunderbolt, na kuwepo kwa kimoja hakuleti kingine. La kwangu linabeba USB ya gigabiti 10 kwa sekunde na DisplayPort, mwisho wa habari. Kama la kwako lina alama ya radi pembeni, au maelezo ya mashine yanataja Thunderbolt kwa jina lake, una njia nyepesi kuliko yangu na nusu ya shajara hii haikuhusu. USB4 nayo yaweza kufaa, ila soma maelezo vizuri: kupitisha PCIe (PCI Express, njia za data zinazounganisha kadi na diski na prosesa) ndani ya USB4 hakukulazimishwa kwa kila kompyuta.

Gharama mpaka sasa: jioni mbili. Sanduku limerudi kwa mwenyewe.

## 8 Januari. Mpango wa pili

Laptopu ina sloti mbili za M.2, zile za diski ndogo bapa. Diski ya kasi ya aina ya NVMe inayokaa humo ni kifaa cha PCIe chenye njia nne, na sloti haijali kama mwisho wa njia hizo kuna diski au kadi ya grafiki. Kuna adapta inayotumia hilo: kibao cha ukubwa wa diski, upana milimita 22 na urefu 80, kinaingia kwenye sloti. Kinatoka utepe bapa wa kebo wa sentimita 25, na mwisho wa utepe kuna kibao kikubwa chenye sloti ndefu ya kadi.

Njia hii haipendezi kwa macho, lakini hesabu iko upande wake. Njia moja ya PCIe 3.0 hupitisha karibu MB 985 kwa sekunde, kwa hiyo nne zinafika karibu GB 3.9. PCIe 4.0 ni mara mbili ya hapo. Thunderbolt 3 hujitangaza kwa gigabiti 40, lakini kinachobaki kwa ajili ya data ya PCIe ni kama gigabiti 22, yaani pungufu ya GB 3 kwa sekunde. Unachopoteza kwa kutumia M.2 ni ustaarabu: huwezi kuchomoa kadi mashine ikiwa inawaka, na kifuniko cha chini hakifungi.

Kabla ya kuagiza nimehakikisha mambo mawili. Kwanza, sloti iwe ya PCIe kweli, maana zipo M.2 zinazokubali diski za SATA pekee (aina ya zamani isiyotumia PCIe) na hizo hazifai kabisa. Pili, sloti inaelekea wapi. Ya kwanza kwenye laptopu yangu inaingia moja kwa moja kwenye prosesa, ni PCIe 4.0, na diski ya Windows imekaa humo. Ya pili ni tupu, ni PCIe 3.0, nayo inapitia chipu msaidizi ya ubao mama, ambako data za kadi zitapanga foleni moja na za USB, mtandao na vifaa vingine. Nimechagua ya pili kwa kuwa haina mtu. Uamuzi huo nitauchezea baadaye, kwa hasara.

Vifaa: kadi iliyotumika, adapta, pawa saplai ya wati 550 iliyotoka kwenye kompyuta ya mezani iliyokufa, na monita niliyokuwa nayo. Zaidi ya robo tatu ya bajeti imemezwa na kadi yenyewe. Adapta ni senti tu ukiilinganisha nayo, na ndiyo itakayonipa kazi yote.

## 13 Januari. Kufunga, na kadi isiyoonekana

Kufunga si kazi. Toa kifuniko cha chini, chomoa plagi ya betri kabla ya kugusa kingine chochote, ingiza kibao kwenye sloti kwa mshazari, kilaze, kaza skrubu yake ndogo. Dakika 20, zikiwemo za kutafuta bisibisi iliyodondoka.

Pawa saplai ya kompyuta ya mezani (ATX) haiwaki mpaka iambiwe na ubao mama. Hapa ubao mama haupo, kwa hiyo waya wa kijani kwenye plagi ya pini 24 (pini ya 16) lazima uunganishwe na mmoja wa weusi. Wengi huchomeka kibanio cha karatasi kilichonyooshwa. Nilianza hivyo nikaacha siku hiyohiyo. Chuma kilicho wazi kikining'inia mezani hakinipi raha. Kuna plagi ndogo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Vyovyote utakavyofanya, fanya pawa saplai ikiwa imechomolewa ukutani.

Nikawasha. Feni za kadi zikazunguka, Windows ikafunguka, kadi haimo kwenye orodha ya vifaa. Nikarudia, hivyohivyo. Mara ya nne nikashika tama.

Sababu zilikuwa mbili, na kila moja ilikuwa ikiificha nyingine. Vifaa vya PCIe huhesabiwa wakati laptopu inaamka, kwa hiyo kadi inatakiwa iwe na umeme tayari kabla hujabonyeza kitufe cha laptopu. Mimi nilikuwa nawasha vyote kwa pamoja. Na nilipoanza kufuata mpangilio huo bado haikusaidia, kwa sababu Windows ukiiambia izime huwa haizimi kabisa. Kipengele chake cha kuwaka haraka huhifadhi moyo wa mfumo kwenye diski na kuurudisha ulivyokuwa, pamoja na ile picha ya mashine isiyo na kadi. Kizime kwenye mipangilio ya umeme. Baada ya hapo kadi ikaonekana, ikiwa na alama ya manjano na Kosa 12.

Kosa 12 maana yake ni kwamba hakuna nafasi ya kutosha ya anwani kwa ajili ya kifaa. Kila kadi ya grafiki huomba kipande kikubwa cha anwani za kumbukumbu, na BIOS ya laptopu hii (programu ya msingi inayoamsha mashine) ilijipanga kwa kadi mbili: ya Intel iliyo ndani ya prosesa na GTX 1650. Ya tatu imekuja bila kualikwa. Kwangu dawa ilikuwa nyepesi: nenda kwenye Meneja wa Vifaa, lemaza GTX 1650, washa upya. RTX 3060 ikachukua nafasi yake, draiva ikaingia, monita iliyochomekwa kwenye kadi ikawaka. Kwa anayefuata: skrini ya ndani ya laptopu hii inaendeshwa na Intel, ndiyo maana kulemaza GTX 1650 hakukunifungia macho. Hakikisha ya kwako iko hivyo kwanza.

## 14 Januari. Plagi iliyonuka

Leo nusura niunguze kitu, na kosa ni langu lote.

Kadi hupata umeme kwa njia mbili. Sloti inaruhusiwa kuipa hadi wati 75, na mengine hupita kwenye plagi ya pini 8 inayobeba hadi 150. Kwenye kompyuta ya mezani ule umeme wa sloti hutoka kwenye ubao mama. Kwenye mradi huu kibao cha adapta kinalishwa chenyewe kwa plagi ya pini 6. Pawa saplai yangu ya zamani ina kebo moja tu ya kadi ya grafiki, na nilishaipeleka kwenye kadi yenyewe. Nikachukua kigeuzi kinachotoa umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya diski, na kuupeleka pini 6. Onyo la kutofanya hivyo nilikuwa nimelisoma si mara moja, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Dakika kama 15 ndani ya gemu, harufu ya plastiki. Nikazima swichi ya ukutani, nikagusa plagi ya SATA, nikatoa mkono upesi. Plastiki yake imelegea na kugeuka rangi ya kahawia kuzunguka pini moja.

Hesabu ningeifanya jana. Plagi ya SATA imeundwa kubeba ampea 4.5 kwenye waya wa volti 12, sawa na wati 54. Sloti ya kadi inaruhusiwa kuvuta hadi ampea 5.5 kwenye volti hizohizo, wati 66. Hata kama kadi haifiki kileleni kila mara, huo ni mchezo wa pata potea, tena wa moto.

Kigeuzi kimekwenda jalalani na pawa saplai imestaafu. Nimenunua nyingine yenye kebo mbili kamili za kadi ya grafiki, gharama ambayo haikuwa kwenye mpango. Tahadhari mbili kwa mwenye kufuata. Plagi ya pini 8 ya prosesa inafanana na ya kadi, lakini nyaya chanya na hasi zimekaa kinyume. Isipoingia kwa hiari usiisukume. Na kama pawa saplai yako ina kebo za kuchomoa, usichanganye na kebo za pawa saplai nyingine hata kama zinaingia vizuri.

## 20 Januari. Namba za kwanza na hofu ya bure

Karibu wiki nzima imepita bila harufu. Nimeanza kupima.

Nilipofungua GPU-Z, programu inayoonyesha hali ya kadi ya grafiki, nikaona kadi imeunganishwa kwa x4 (njia nne), kasi 1.1. Yaani PCIe ya kizazi cha kwanza! Nikachomoa kila kitu, nikafuta migusano ya kibao kwa spiriti, nikafunga upya. Bado 1.1. Saa moja na nusu baadaye nikagundua kuwa kadi ikiwa haina kazi hushusha kasi ya njia ili kubana umeme. Ukibonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni, programu inaipa kadi kazi ndogo, na papo hapo ikaandika x4, 3.0. Pima kadi ikiwa inafanya kazi, la sivyo utahangaikia ugonjwa ambao haupo.

Kipimo cha PCIe kilichomo ndani ya 3DMark, programu ya kupima kadi za grafiki, kimetoa karibu GB 3.3 kwa sekunde. Ukiondoa gharama za mawasiliano, hapo ndipo njia nne za kizazi cha tatu zinapotakiwa kufika.

Kwenye gemu moja nzito, pikseli 1920 kwa 1080, mipangilio ileile: GTX 1650 ilikuwa ikitoa wastani wa fremu 38 kwa sekunde. RTX 3060 inatoa 63 nikitazama kwenye skrini ya laptopu, na 79 nikitazama kwenye monita iliyochomekwa kwenye kadi.

Hiyo tofauti ya 63 na 79 inastahili maelezo, kwa sababu wengi hutaka kadi ya nje ili waendelee kutumia skrini ya ndani. Fremu ikishachorwa na kadi ya nje lazima irudi kwenye laptopu kupitia kebo ileile. Pikseli 1920 mara 1080, baiti 4 kila moja, ni karibu MB 8.3 kwa fremu. Kwa fremu 60 ni kama MB 500 kwa sekunde, na kwa 144 ni kama GB 1.2. PCIe hupitisha pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo haimaanishi kwamba njia ya kwenda imekatwa kiasi hicho, ila kunakili na kusubiriana kunakula muda ndani ya kila fremu. Kwa maoni yangu, kama huna monita ya nje, anza na monita. Kufunga kadi hii yote kisha kutazama kwenye skrini ya ndani ni kuchota maji kwa pakacha.

## 27 Januari. Tamaa

Mwenye akili angeishia pale. Mimi nilikuwa nikiitazama ile sloti ya kwanza, PCIe 4.0, kasi mara mbili, imekaliwa na diski ambayo ingefanya kazi vizuri tu kwenye ile ya pili. Nikaamua kuzibadilishana.

Kikwazo cha kwanza kilikuja hata kabla ya kadi. Nilipowasha nikakutana na skrini ya bluu inayodai ufunguo wa BitLocker (kinga ya Windows inayofunga diski), tarakimu 48. Mfumo umeona mashine imebadilika ukaogopa, na kwa upande wake una haki. Ufunguo ulikuwa umehifadhiwa kwenye akaunti ambayo nywila yake nilikuwa nimeisahau. Saa nzima nikiwa kwenye simu. Sitisha BitLocker kwa muda kabla ya kuhamisha diski au kugusa BIOS, na ufunguo uuandike kwenye karatasi.

Kisha Windows ikafunguka, GPU-Z ikaandika x4, 4.0, nami nikashangilia. Furaha ilidumu dakika kumi. Gemu lilikuwa linapiga hatua tatu, linaganda, linapiga nyingine tatu. Wastani wa fremu ulikuwa unavutia ukiuangalia kwa namba, lakini kwa macho ilikuwa kigugumizi. Mara mbili skrini ikawa nyeusi sekunde kadhaa, draiva ikajiwasha upya. Kipimo cha 3DMark kikatoa GB 4.1, wakati nilitarajia zaidi ya 6.

Nililaumu draiva. Nikazifuta kabisa nikiwa kwenye hali salama, nikaweka mpya, nikaweka za zamani. Mara tatu. Kisha nikailaumu kadi, kwa kuwa ni ya mtumba, na nikaanza kuandika ujumbe kwa aliyeniuzia. Namshukuru Mungu sikuutuma.

Jibu lilikuwa kwenye kumbukumbu za matukio za Windows, mahali ambapo ningeanzia. Chanzo: WHEA-Logger, kirekodi cha Windows cha makosa ya vifaa. Tukio namba 17. Kosa la vifaa lililorekebishwa, kwenye mlango wa PCI Express. Mamia kwa dakika.

Hilo neno "lililorekebishwa" ndilo linalodanganya. Kila pakiti inayopita kwenye PCIe hubeba hesabu ya kujihakiki. Ikifika imeharibika, upande wa pili huomba itumwe tena, na hutumwa. Hakuna data inayopotea, hakuna ujumbe unaojitokeza kwenye skrini, programu haijui lolote. Unachokiona ni muda uliopotea: fremu iliyochelewa, gemu lililoganda, kasi iliyoshuka bila sababu. Kebo mbovu kwenye mradi huu haisemi kwamba ni mbovu. Inaigiza draiva mbovu.

Na kebo yenyewe haina kosa. Kwenye maelezo ya adapta imeandikwa PCIe 3.0. Nilisoma, nikajiambia kwamba waya ni waya. Kizazi cha nne hutuma mara mbili ya kasi ya cha tatu kwenye kila njia, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo mawimbi yanavyofifia kwa kila sentimita ya utepe na kwa kila kiungio. Kujithibitishia, niliunyoosha utepe uliokuwa umekunjwa kona kali pembeni mwa laptopu. Makosa yakashuka kutoka mamia hadi makumi kwa dakika. Draiva haiponi kwa kunyoosha kebo.

Dawa ya kawaida ni kuingia BIOS na kuilazimisha sloti ishuke kizazi cha tatu. BIOS ya laptopu yangu haina kipengele hicho. Nimetafuta kila ukurasa.

## 3 Februari. Kurudi nyuma

Diski imerudi sloti ya kwanza, adapta imerudi ya pili, safari hii BitLocker ikiwa imesitishwa. Makosa ya WHEA kwa siku nne: sifuri. Nimeonja PCIe 4.0 kwa wiki moja na imenigharimu jioni tano.

Nikiwa hapo nimemaliza madogo mawili. Kipengele cha kubana umeme kwenye njia za PCIe nimekizima kwenye mipangilio ya umeme, kwa kuwa kila baada ya kimya kirefu kadi ilikuwa inachelewa kuamka. Na nimetengeneza faili mbili ndogo za amri za pnputil, moja ya kulemaza GTX 1650 na nyingine ya kuiwezesha, ili nikitaka kuondoka na laptopu nisipekue Meneja wa Vifaa kila mara.

Kuondoka na laptopu, kwa kweli, ni maneno tu. Utepe unatoka tumboni, kifuniko hakifungi, na kila nikitaka kusafiri nachomoa skrubu kumi. Hilo limenichosha kuliko fremu zilizokosekana.

## 17 Februari. OCuLink

Nimebadilisha adapta. Mpya ni ya vipande viwili: kibao kidogo cha M.2 chenye tundu la OCuLink, na kituo cha kadi chenye tundu kama hilo, katikati kebo ya mviringo ya sentimita 50 iliyotengenezwa kwa PCIe 4.0. OCuLink haina ujanja wa Thunderbolt. Ni nyaya za PCIe zilizowekewa kiungio cha heshima, basi. Haibebi umeme wa kadi, kwa hiyo pawa saplai inabaki palepale, na kwa adapta za namna hii usichomeke wala kuchomoa kebo mashine ikiwa inawaka. Lakini kebo inatoka, na kifuniko kinafunga.

Kinafunga baada ya kutobolewa. Tundu nimelipitisha pembeni mwa kifuniko, karibu na matundu ya hewa, kwa drili ndogo na tupa. Na hapo pia nilijikwaa. Niliweka alama kifuniko kikiwa kimelala kifudifudi, nikakigeuza kutoboa, na kulia ikawa kushoto. Nashukuru nilianza na tundu la milimita 2. Limezibwa kwa kipande cha tepe nyeusi na halionekani ila na mimi, kila siku. Pima kifuniko kikiwa mahali pake, na chenga za plastiki zifagie kabla hakijarudi karibu na ubao mama.

Kibao cha OCuLink kimeingia sloti ya kwanza, diski imehamia ya pili, huo ukiwa uhamisho wake wa tatu. GPU-Z: x4, 4.0. Kipimo cha 3DMark: GB 6.5. Tukio namba 17 baada ya saa mbili za gemu: hakuna.

## 24 Februari. Yamerudi, machache

Niliyasifia mapema. Juzi nimekuta matukio tisa ya namba 17, jana kumi na manne. Gemu halikuonyesha dalili, ila kwa niliyoyaona Januari sikutaka kusubiri dalili.

Imechukua siku mbili kugundua. Makosa yalitokea nikiisogeza laptopu mezani. Kebo ya OCuLink ni nzito na ngumu; ikining'inia ukingoni mwa meza inalivuta tundu, na tundu linakivuta kibao ambacho kimeshikwa na skrubu moja tu ya upande wa pili. Kiungio kinainuka kwa kiasi ambacho jicho halioni. Nimekata kipande cha plastiki ngumu, nikakitoboa mashimo mawili, nikakifunga ndani ya kifuniko ili kibane shingo ya tundu. Nje, kebo nimeifunga kwenye mguu wa kituo kwa kamba ya plastiki, ili uzito wake usifike kwenye laptopu. Nimeitikisa laptopu makusudi nusu saa gemu likiendelea. Sifuri.

## 2 Machi. Hali ilivyo

Gemu lilelile, mipangilio ileile, monita ya nje: wastani wa fremu 84, kutoka 79 za ile adapta ya kwanza. Kwa wastani peke yake gharama ya OCuLink haitetewi. Kilichobadilika ni fremu za chini kabisa, zile zinazoleta kigugumizi wakati gemu linapakia eneo jipya: zilikuwa 47, sasa 58. Hiyo nimeihisi mkononi kabla ya kuiona kwenye namba.

Faida ambayo sikuitarajia imetoka kwa prosesa. Ndani ya laptopu, prosesa na GTX 1650 zinagawana mabomba ya kupozea, na zikifanya kazi pamoja prosesa ilikuwa inafika nyuzi 93 na kupunguza kasi. GTX ikiwa imelala, mabomba yote ni yake. Sasa inaishia nyuzi 81, na feni za laptopu hazipigi tena kelele za kuruka angani.

Gharama kwa ujumla: kadi, adapta mbili ambazo moja iko kabatini, pawa saplai moja ambayo haikupangwa, kigeuzi kimoja kilichoungua, tundu moja la bure kwenye kifuniko. Muda, nikihesabu jioni zote tangu Januari, si chini ya saa 40, na kati ya hizo kufunga vifaa hakukufika saa nne. Anayeanza leo kwenye laptopu kama yangu aruke utepe, aende OCuLink moja kwa moja, na dirisha la kumbukumbu za matukio liwe wazi kuanzia siku ya kwanza.

Kimoja kimenishinda. Laptopu ikilala kisha ikaamka, kadi hairudi: monita inabaki nyeusi na Windows inaiona kadi kama kifaa kilichokufa mpaka niwashe upya. Nimejaribu mipangilio yote ya umeme ninayoijua. Kwa sasa usingizi nimeuzima kabisa, nikimaliza kucheza nazima laptopu kwanza, kisha pawa saplai.